Nilienda Tanga kuogelea, nimerudi na deni la kahawa Ngamiani

#1 Mwana wa Kihamba

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kigoda.

Mwezi uliopita nilipata likizo ya siku kumi. Mama watoto alishasema mapema: mwaka huu hatuendi Moshi kudaiwa michango ya harusi, tunaenda baharini. Tukatoka Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, tukaingia Tanga usiku tumechoka kama magunia. Ratiba aliishika yeye. Raskazone kuogelea, tumeogelea. Mapango ya Amboni, tumeingia, mtoto mdogo kalia gizani, tumetoka. Samaki tumekula mpaka basi. Picha zipo kwenye simu yake. Uzi huu si wa hayo.

Siku ya tatu, alasiri, nilitoka peke yangu kutafuta dawa ya mbu. Nikavuka reli, nikaingia Ngamiani. Wanaoijua Tanga wanajua barabara za kule zina namba badala ya majina, nami nikajiamini kwamba mtu anayejua kuhesabu hapotei. Nilipotea nikiwa kwenye za kumi na kitu. Hapo hapo kubazi la mguu wa kulia likakatika ukanda. Jipya, nimelinunua asubuhi ile ile.

Kwa bahati fundi viatu alikuwa hatua chache mbele, kwenye kibaraza cha nyumba ya zamani yenye mlango wa kijani. Akalipokea, akaligeuza, akalicheka. "Nusu saa," akasema. Nikasimama na mguu mmoja juu kama korongo, maana saruji ilikuwa inaunguza.

Nikasikia nyuma yangu: "Kijana, huo mguu wauanika? Njoo ukae."

Mzee wa msuli na kofia ya viua. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kavu ama tangawizi?"

Hakuniuliza kama nataka kahawa. Hilo lilishaamuliwa.

Ngoja niieleze ile duka, ingawa duka lenyewe halipo, wala kibao, wala jina. Kuna benchi la ubao lililolainika kwa kukaliwa. Kuna jiko la mkaa, na juu yake dele la shaba, chini jeusi tii, mpini unang'aa kwa kushikwa. Kuna beseni la maji lenye vikombe vidogo visivyo na mkono, bati la kashata limefunikwa gazeti, na kopo la kuwekea hela. Akitaka kukumiminia, mzee anachomoa kikombe majini, anakikung'uta mara mbili, na yale maji yanatua pale pale yalipotua jana na juzi, pembeni ya ngazi. Pale pameota mpapai. Hakuna aliyeupanda. Umefika usawa wa dirisha na unazaa, na wazee wanadai ukila papai lake usiku hulali.

Kikombe cha kwanza nilikunja uso. Sukari haipo, na ukiiulizia wanakutazama kwa huruma. Cha pili nikauma kashata kwanza, nikaiacha iyeyuke kidogo, ndipo nikavuta ile kahawa. Uchungu na utamu vikakutana katikati ya ulimi. Nikamwangalia mzee, naye akaangalia pembeni kama mtu aliyeshinda kesi asiyetaka kumwaibisha mwenzake.

Walikuwepo wazee watano. Wawili wanacheza bao, watatu wanacheza kwa mdomo. Nilikwenda siku tatu mfululizo, na siku zote tatu mazungumzo yalianzia mahali tofauti, bei ya sukari, mvua, mtoto wa fulani kaoa, lakini kabla ya magharibi yalifika kwa Coastal Union na ubingwa wa ligi wa 1988. Hata mwenye kete mkononi aliziacha.

Sasa lililonileta. Pale hakuna anayeandika umekunywa vingapi. Unapoinuka unasema mwenyewe, "vitatu na kashata moja," unatumbukiza kwenye kopo, unaaga. Kikombe 200, kashata 100. Mzee wala haangalii kopo. Siku ya mwisho nikakaa asubuhi, nikanywa vitatu, bajaji ikaja na mizigo na familia ndani, mama watoto anapiga kelele basi linatuacha stendi ya Kange. Nikakimbia.

Tumefika Segera, naingiza mkono mfukoni ninunue machungwa, nakutana na sarafu tatu za mia mbili nilizokuwa nimeshazitenga.

Wakuu wa Tanga, nani anakijua hiki kijiwe? Namba ya mzee sina, jina lake sikuuliza, kila mtu alimwita Babu.

#2 Kigoda Chaguo

Hii chai.

#3 Mwana wa Kihamba

Chai nimekunywa miaka arobaini mkuu, naijua. Hii ni kahawa.

#4 Mgosi wa Makorora

Yakhe, umetuambia mlango wa kijani, fundi viatu na wazee wa bao. Hapo umeitaja Ngamiani nzima. Kila kona ina dele. Nisaidie haya: huyo Babu anagonga vikombe akiita wateja au amekaa kimya? Mpapai uko kulia au kushoto ukiwa umekaa benchini? Na muhimu zaidi, kuna yeyote pale aliyejitaja kuwa wa African Sports, watani wa Coastal hapa hapa Tanga? Maana kuna kijiwe nakijua kina mmoja tu, wanamweka kwa ajili ya kubishana naye.

#5 Mwana wa Kihamba

Kimya, hagongi. Kushoto. Na yupo! Mrefu, ana baiskeli nyeusi, kila ikifika 1988 anasema "haya, tumesikia" na kuanza kujaza upepo tairi ambalo halina shida.

#6 Mgosi wa Makorora

Nimekipata. Nipe siku mbili tatu, niko shamba Muheza.

#7 Nshomile Mstaafu

Mimi nimekwama kwenye jina la mleta uzi. Kihamba, shamba la nyumbani kwa Wachagga. Yaani Mchagga anasafiri mpaka Tanga kuonja kahawa? Nyie watu mmelima kahawa tangu enzi za mapadre wa Kilema, mkaunda chama cha ushirika KNCU mwaka 1933, dunia nzima inawajua, halafu nyumbani mnakunywa chai ya rangi. Sisi Kagera kahawa ni ya mgeni. Mgeni akifika, kabla ya chakula anapewa buni za kutafuna, zimechemshwa na majani yake zikaanikwa. Unaitia mdomoni, mnaanza habari. Hakuna dele, hakuna moto, na hakuna deni.

#8 Mwana wa Kihamba

Mkuu umenipiga pabaya na ni kweli. Nimekulia chini ya migomba na mibuni. Wakati wa likizo za shule tulichuma zile nyekundu tu, ukichanganya na kijani unachapwa. Jioni zinapita kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, maganda yanatoka huku, mbegu zinateleza kule, tunaziloweka, tunaziosha, tunazianika kwenye kitanda cha waya na kukaa tayari kuzifunika mvua ikija. Harufu yake ninayoijua mimi ni ile ya uchachu wa kuloweka. Harufu ya kukaangwa sikuijua. Baada ya hapo ni gunia, chama cha msingi, na ada za shule. Mama akituona tunachezea mbegu kavu alikuwa anasema tunachezea madaftari yetu.

Babu aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Moshi. Akacheka mpaka akaliweka dele chini. Ujanani alibeba mizigo bandarini. Akaniambia: "Kahawa ya kwenu twaijua kwa gunia. Kwa kikombe hatuijui." Yale magunia ya babu yangu yameupita mgongo wake, yeye hakuonja, na babu yangu hakuonja. Tumekaa pale wawili tunakunywa mchanganyiko wake wa buni ya Bukoba na ya Lushoto.

#9 Msoma Ramani

Hapo kwenye magunia kuna historia. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapanda taratibu Muheza, Korogwe, Mombo, ikafika Moshi 1911. Ndiyo iliyoifanya kahawa ya mlimani ishukie bandari ya Tanga.

Lakini Wajerumani walianza na kahawa karibu zaidi. Miaka ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wakapanda mibuni, Derema ikiwa miongoni mwa mashamba ya mwanzo. Waliona msitu mnene wakadhani udongo una nguvu. Ukishaondoa miti, udongo ule unachoka haraka. Mavuno yakaanguka, wakaachana nayo. Kilichoiokoa Tanga ni mkonge, uliletwa 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Leo ukipanda mlima kwenda Amani, pale Derema utakuta mashamba ya chai.

#10 Kigoda Chaguo

Kumbe! Nilisema hii chai, mkanicheka.

#11 Msoma Ramani

Kwa Derema uko sahihi.

#12 Bi Mdogo wa Chumbageni

Nawasoma tu tangu asubuhi. Kila mtu anasifu dele, anasifu wazee, mpaka mpapai umepewa aya nzima. Hizo kashata mnadhani ziliota kwenye bati? Kuna mwanamke kaamka kabla ya adhana ya alfajiri, kakaanga karanga, kazipeta maganda, kayeyusha sukari mpaka ikageuka rangi ya asali, katia iliki, kamimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, na hapo hana muda. Lazima uzikate zikiwa bado za moto, zikipoa zinavunjika ovyo na hakuna anayenunua vipande. Vidole vinaungua. Mimi nimeifanya kazi hiyo nikiwa msichana, alama ninayo. Zikishakatwa anakuja baba kuzichukua, zinakwenda barazani, na huko hatukai.

Mleta uzi, mkeo alikaa wapi siku hizo tatu?

#13 Mwana wa Kihamba

Dada umeuliza alichouliza yeye mwenyewe. Siku ya pili nilikwenda naye. Benchi zima likasogea, likanyamaza, salamu zikawa nyingi mno. Babu akaita ndani, mlango wa kijani ukafunguliwa, akatoka bibi mmoja akamshika mkono mama watoto: "Karibu mwanangu, huko kwa wanaume moshi tu." Akakaa ndani saa nzima na zaidi. Kahawa yao ilipelekwa kwenye chupa. Mimi nilitoka pale na habari za 1988. Yeye alitoka na kilo ya kashata, jinsi ya kukuna nazi isitoe mafuta mapema, na historia ya ndoa tatu za mtaa ule. Akaniuliza njiani, "Nyie huko nje mlikuwa mnaongea nini?" Nikamwambia mpira. Akanionea huruma.

Ila umesema kweli, na kashata za pale bibi ndiye anazipika. Sikumpa shukrani yake kwenye uzi. Nampa sasa.

#14 Bi Mdogo wa Chumbageni

Shukrani imepokelewa kwa niaba. Za nazi alikuwa nazo au za karanga tu?

#15 Mwana wa Kihamba

Zote mbili. Za nazi zina rangi ya waridi, watoto walizimaliza.

#16 Dele Kavu

Turudi kwenye kahawa yenyewe. Huyu mzee anauliza "kavu ama tangawizi"? Mimi nina shaka na kijiwe chochote chenye tangawizi. Tangawizi inaficha makosa. Buni ikikaangwa vibaya, ikiungua nje ndani mbichi, unatwangia tangawizi, mteja anasikia moto kooni anasema kali. Kahawa ya haki ni buni, maji na muda. Ukaange taratibu huku unakoroga mpaka zianze kutoa jasho, uepue kabla hazijawa mkaa, utwange kwenye kinu siyo laini sana, uchemshe, uache masimbi yatulie. Basi.

#17 Mgosi wa Makorora

Wewe wa kavu, njoo uketi Ngamiani mwezi wa saba upepo wa kusi ukivuma usiku, halafu ukatae tangawizi.

#18 Dele Kavu

Nitavaa sweta.

#19 Mjini Kati

Siyo kuharibu uzi, lakini mnaongea kana kwamba kahawa ni benchi na jiko la mkaa. Hapa Dar kuna sehemu unakaa kwenye kiyoyozi, intaneti ya bure, wanakuchorea jani juu ya maziwa, na mtu anakusikiliza unataka iweje. Usafi upo. Vile vikombe vya beseni moja, maji yale yale kuanzia asubuhi, mnavionaje?

#20 Mwana wa Kihamba

Hoja ya beseni naipokea, hata mimi siku ya kwanza niliangalia yale maji mara mbili. Kumbe anayabadilisha. Kila baada ya muda kijana mmoja anakuja na ndoo bila kuitwa, ya zamani inaishia kwenye mpapai. Lakini sitasema ni sawa na bomba la maji ya moto, si kweli. Hata hoteli tuliyolala, isiyo ya bei rahisi, vikombe viling'aa, ila kahawa ilikuwa unga wa pakiti na maji yaliyopoa.

Kuhusu sehemu za kiyoyozi, nimekaa, ni nzuri, nimefanyia kazi huko. Tofauti niliyoiona ni moja. Kule nikikaa saa mbili na kikombe kimoja, naanza kuona macho ya mhudumu mgongoni. Kwa Babu, siku ya pili nilijaribu kuinuka baada ya nusu saa, kubazi limeshapona na kila kitu, akaniuliza: "Kwani umeudhiwa?"

#21 Kigoda Chaguo

Hapo kwenye "umeudhiwa" nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#22 Mgosi wa Makorora

Haya wakuu, ripoti. Nimerudi kutoka shamba jana, leo baada ya alasiri nimekwenda. Ni penyewe. Mpapai kushoto, una matunda manne, moja limeanza manjano. Mwana Sports yuko na baiskeli yake. Nikasalimia, nikakaa, nikanywa kimoja kwanza, maana huwezi kufika tu na kuanza habari za madeni.

Kisha nikasema: "Babu, kuna mgeni wa Dodoma aliondoka bila kulipa, kanituma mia sita."

Benchi likanyamaza. Babu akaendelea kukung'uta kikombe. "Yule wa kubazi?"

"Huyo huyo."

"Mia sita za nini?"

"Vikombe vitatu."

Akamimina, akampa mtu, akaufuta mdomo wa dele kwa kitambaa. Ndipo akasema: "Vinne. Na kashata mbili. Elfu moja."

#23 Nshomile Mstaafu

Kumbe haangalii kopo, anaangalia vikombe!

#24 Mwana wa Kihamba

Subirini kwanza. Kashata sawa, moja nilimpa mtoto kupitia dirisha la bajaji, nyingine nakubali, nilisahau. Lakini kile kikombe cha nne kilimwagika! Yule mzee wa bao alirusha kiwiko akishangilia kete zake, kahawa yote ikaenda kwenye benchi. Mimi sikuionja!

#25 Mgosi wa Makorora

Nilijua utasema. Ulishaniambia habari ya mzee wa bao kwenye ujumbe wa pembeni, kwa hiyo nikamtetea mtu wangu. Nikamwambia Babu kile cha nne kilimwagika.

Akasema: "Nakumbuka. Kilimwagikia benchi langu."

Nikatoa elfu nzima nimalize mambo. Akachukua mia sita, mia nne akanirudishia mkononi, akanifunga na vidole. Hizo hataki za kutumwa, ulete mwenyewe.

#26 Bi Mdogo wa Chumbageni

Na kashata mbili za watu zimo humo humo kwenye mia nne. Mleta uzi, unadaiwa na bibi pia.

#27 Mwana wa Kihamba

Mia nne. Nauli ya Dodoma hadi Tanga na kurudi, watu wanne, mnaijua?

#28 Mgosi wa Makorora

Twaijua. Nilimtajia na hiyo. Kasema basi usije mikono mitupu, ukipitia kwenu ubebe nusu kilo ya buni ya babu yako, haijakaangwa. Atakaanga mwenyewe, aijue kwa kikombe.